Magari ya kifahari ya Uingereza: tutenganishe mkono unaorekebisha na mkono unaochagua

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nijibu makala iliyochapishwa na gazeti hili kuhusu magari ya kifahari ya Uingereza, ambamo mwandishi aliyasifu magari ya Rolls-Royce, Bentley, Aston Martin na Morgan kwa sababu, kwa maelezo yake, hutengenezwa kwa mkono kuanzia bolti ya kwanza hadi mshono wa mwisho, wakati magari ya watu wa kawaida hutolewa na roboti kama sahani za plastiki. Makala ilikuwa tamu kusoma, na picha zake zilipendeza. Hata hivyo, mimi niliyefundisha ufundi wa bodi za magari chuoni hadi nilipostaafu, naona imechanganya kazi mbili zisizofanana hata kidogo, na mkanganyiko huo unawapotosha vijana wanaotaka kujua fundi mzuri ni yupi.

Ipo kazi ya mkono inayofanyika kwa sababu mashine iliyotangulia imeshindwa kutoa kipande sahihi, hivyo fundi anaitwa kuja kurekebisha. Ipo nyingine inayofanyika kwa sababu inahitaji jicho la kuchagua na akili ya kuamua. Kwa zaidi ya miaka mia moja viwanda vya magari vya Uingereza vimekuwa vikiipunguza ile ya kwanza, polepole na kwa ubishi mwingi, huku vikiibakiza ya pili. Anayeziomboleza zote mbili kwa kilio kimoja hajafahamu vizuri ni nini kilichokufa.

Tuanze na enzi ambayo mwandishi wenu aliiita ya dhahabu. Henry Royce alikuwa fundi wa umeme na mitambo mjini Manchester, akanunua gari la Kifaransa la Decauville, akaona kasoro zake, akaamua kuunda la kwake. Mwaka 1904 akakutana na Charles Rolls, na mwaka 1908 kiwanda chao kikafunguliwa Derby. Kilichotoka Derby, lakini, hakikuwa gari kamili. Ilikuwa chasisi yenye injini, magurudumu na usukani, ambayo ilipelekwa kwa waunda bodi kama Barker, Hooper, Park Ward au H.J. Mulliner, nao wakaijengea mwili kwa matakwa ya mteja: mbao za mti uitwao ash zikaungwa kuwa mifupa, bamba la alumini likagongwa hadi likafuata umbo la mbao, kisha vikaja rangi, ngozi na mapazia. Utaratibu huo ulidumu hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mtu aliyenunua Rolls-Royce mwaka 1930 kwa kawaida alinunua kazi ya karakana mbili, na magari mawili ya mwaka mmoja yangeweza kufanana kwenye grili na boneti tu.

Ndani ya injini yenyewe mkono ulifanya kazi kubwa kuliko inavyosimuliwa, wala haikuwa kazi ya urembo. Fundi alisimama mbele ya jiliwa, kifaa cha kubania kipande, na tupa mkononi, akachukua kipande kilichotoka kwenye mashine kikiwa kikubwa kidogo, akakipunguza, akakijaribu, akakipunguza tena, mpaka kikakaa mahali pake katika injini ile anayoishughulikia. Injini iliyopatikana ilikuwa tulivu na ya kudumu, hilo sibishi. Lakini kipande kile hakikuweza kung'olewa na kufungwa katika injini ya jirani yake bila tupa kuitwa tena.

Wamarekani walilionyesha jambo hilo hadharani, tena kwenye ardhi ya Waingereza wenyewe. Mwaka 1908, katika uwanja wa mashindano wa Brooklands, chini ya uangalizi wa klabu ya kifalme ya magari ya Uingereza, magari matatu ya Cadillac yalifunguliwa yote mpaka yakabaki vipande, vipande vikachanganywa, baadhi vikatolewa na kubadilishwa na vipya kutoka stoo, kisha mafundi wakayaunganisha upya kwa spana na bisibisi. Tupa haikuruhusiwa. Magari yote matatu yaliwaka na yakaendeshwa maili 500, na klabu ikaipa Cadillac tuzo ya Dewar. Tukumbuke kwamba haya yalikuwa magari ya silinda moja, ya bei ya kawaida kabisa, ambayo tajiri wa London asingeyaangalia mara mbili.

Pengine msomaji atasema kwamba gari la silinda moja si kipimo cha Rolls-Royce. Basi tuchukue injini ya Merlin, injini ya ndege iliyokuwa fahari ya kampuni hiyo wakati wa vita. Serikali ilipotaka injini nyingi kuliko uwezo wa Derby, iliiomba Ford ya Uingereza izitengeneze pia. Stanley Hooker, mhandisi mkubwa wa Rolls-Royce, alisimulia baadaye jinsi wahandisi wa Ford walivyoitazama michoro ya Merlin na kusema kwamba wasingeweza kuifanyia kazi. Hooker alidhani, kwa majivuno kidogo, kwamba vipimo vya Rolls-Royce vilikuwa vikali mno kwa watu waliozoea magari ya bei nafuu. Jibu alilopewa lilikuwa kinyume: vipimo vilikuwa vimelegea mno. Ford ilizoea kwamba kila kipande lazima kiingie mahali pake bila kubembelezwa, ilhali michoro ya Derby iliacha nafasi kubwa ya tofauti kwa sababu ilijulikana kwamba mwisho wa safari yupo fundi na tupa yake. Ford iliichora michoro upya, kazi iliyochukua muda mrefu, kisha kiwanda chake cha Trafford Park, Manchester, kikatoa Merlin zaidi ya 30,000 kabla vita havijaisha. Wengi wa waliozitengeneza hawakuwa mafundi kabla ya vita, wakiwemo maelfu ya wanawake walioingia kiwandani kwa mara ya kwanza.

Nimekaa juu ya kisa hiki kwa sababu ndicho nilichokuwa nikiwapa wanafunzi wangu kila walipodai kwamba kazi ya mashine haina heshima. Yule fundi wa Derby alikuwa hodari sana, na sehemu kubwa ya uhodari wake ilitumika kufidia uzembe wa mchoro.

Baada ya vita Rolls-Royce, iliyokuwa ikimiliki pia Bentley, ilihamishia magari mji wa Crewe, na hapo ndipo jambo ambalo makala yenu haikuligusa lilipotokea. Mwaka 1946 Bentley Mark VI ilitoka ikiwa na bodi ya chuma iliyokandamizwa na mashine za Pressed Steel, Cowley, karibu na Oxford, kampuni iliyokuwa ikikandamiza bodi za magari ya watu wa kipato cha kati. Mteja aliyetaka bado aliweza kununua chasisi na kuipeleka kwa muunda bodi, ila wengi hawakuona sababu. Rolls-Royce Silver Dawn ikafuata mkondo huo mwaka 1949. Hooper ilikoma kuunda bodi mwaka 1959, Park Ward na Mulliner zikaunganishwa mwaka 1961, na Silver Shadow ya mwaka 1965, ambayo haikuwa na chasisi ya kutenganishwa na bodi, ikaufunga karibu kabisa mlango uliokuwa umebaki wazi kidogo. Kwa hiyo Rolls-Royce nyingi zilizouzwa miaka ya sabini zilikuwa na bodi za chuma kilichokandamizwa kiwandani, na hakuna aliyezidharau kwa hilo.

Aston Martin walichelewa zaidi, na hapa ndipo palipo karibu na kazi yangu. David Brown aliinunua kampuni hiyo mwaka 1947, na magari kama DB4 ya mwaka 1958 yalijengwa kwa utaratibu wa Kiitaliano wa karakana ya Touring ya Milan: mirija myembamba ya chuma inachora umbo la gari, kisha bamba la alumini linavalishwa juu yake. Huko Newport Pagnell, kilipokuwa kiwanda cha Aston Martin, bamba lile lilipata umbo kwa nyundo na kwa mashine ya magurudumu mawili ya chuma, moja juu na jingine chini, ambayo fundi hulipitisha bamba katikati yake akilisukuma na kulivuta kwa mikono yake miwili, huku akisikiliza sauti na kupapasa mgongo wa bamba kwa kiganja. Bamba likivutwa kupita kiasi katikati, linaanza kutikisika kama ngozi ya ngoma iliyolegea, na kulirudisha ni kazi ngumu kuliko kulianza upya. Sijui ufundi wa bati unaozidi huo, na ningefurahi kila mwanafunzi aushuhudie hata mara moja.

Lakini swali la mnyooshaji wa bodi ni jingine: gari likigongwa, itakuwaje? Madgadi ya Aston Martin moja ya enzi hiyo haikai vizuri kwenye nyingine. Mlango wa kushoto haufanani kabisa na wa kulia ukiupima kwa makini. Ukiletewa kipande kipya, lazima ukikate, ukigonge na kukichomelea mpaka kikubaliane na gari lile lililo mbele yako, na gharama ya kazi hiyo inaweza kulizamisha gari lenyewe. Ndiyo maana gari la kwanza la kampuni hiyo kuuzwa kwa wingi lilikuwa DB7 ya mwaka 1994, iliyotoka Bloxham chini ya umiliki wa Ford. Ziliuzwa takriban 7,000, idadi ambayo hakuna Aston Martin iliyotangulia iliyoikaribia. Mwaka 2003 kikafunguliwa kiwanda cha Gaydon, ambako fremu za alumini huunganishwa kwa gundi, na mwaka 2007 uzalishaji wa kawaida wa magari ukakoma Newport Pagnell. Karakana zile hazikufa, kwani hadi leo hukarabati magari ya zamani, nayo ni kazi inayouhitaji kwa haki kabisa ule mkono unaorekebisha.

Sasa tutazame leo. Mwaka 1998 Vickers, kampuni iliyokuwa ikimiliki magari ya Rolls-Royce na Bentley, iliuza nyumba: Volkswagen wakalipa pauni milioni 430 kwa kiwanda cha Crewe na jina la Bentley, huku BMW wakiilipa kampuni ya injini za ndege ya Rolls-Royce pauni milioni 40 kwa jina la Rolls-Royce peke yake, kisha wakajenga kiwanda kipya Goodwood. Phantom ya mwaka 2003 ilikuwa na fremu ya alumini iliyoundwa Dingolfing, Ujerumani, na injini ya BMW ya silinda 12. Rangi hupulizwa na roboti. Mwandishi wenu aliandika kwamba hakuna mashine inayoligusa gari hili. Nadhani alichukua maneno ya muuzaji bila kuyapima.

Haya tusiyatumie kuwacheka Goodwood, kwa sababu kilichobaki mikononi mwa watu pale kimebaki kwa sababu ya maana. Chukua ngozi. Hutumika ngozi za madume, maana ngozi ya jike aliyezaa huwa na michirizi. Mkaguzi huitandaza kila ngozi, akatafuta kovu la kuumwa na mdudu, mkunjo au mkwaruzo, akatia alama. Baada ya hapo kompyuta hupanga vipande kwa namna ya kupoteza ngozi kidogo iwezekanavyo, na mashine hukata. Angalia mgawo wa kazi ulivyo: mwanadamu anaamua kipi kifae, mashine inafuata mstari. Zamani mtu mmoja alifanya yote mawili, na upande wa kukata ulimchosha mkono bila kumwongezea akili.

Au chukua ule mstari mwembamba wa rangi unaopita ubavuni mwa gari tangu mbele hadi nyuma, takriban mita 6 kwa urefu, ambao huchorwa kwa brashi ya manyoya ya kindi na mtu anayetembea taratibu kandokando ya gari. Hapo nakiri kwamba hoja ya mwandishi wenu ina nguvu kiasi, kwani mashine ingeweza kuchora mstari ulionyooka kuliko huo. Lakini mteja analipia kujua kwamba mtu alisimama pale akazuia pumzi, na sioni ubaya wa kuliuza jambo hilo ilimradi liuzwe kwa jina lake. Ubaya ni kumwambia mnunuzi kwamba mstari huo unalifanya gari liende vizuri zaidi.

Crewe nako kuna mambo ya kuvutia. Vipande vyembamba vya mbao za dashibodi hukatwa kutoka kwenye vinundu vya mti wa jozi, ambako nyuzi za mti zimejisokota, kisha hupangwa ili upande wa kushoto na wa kulia viwe kama taswira ya kioo. Mashine hukata kwa uhakika mkubwa; kuamua ni vipande vipi vikae pamoja, na kipi kitupwe ingawa hakina kasoro yoyote ya kupimika, ni kazi ya mtu. Usukani hushonwa kwa mkono, na inajulikana kwamba mafundi wa pale walikuwa wakitumia uma wa kawaida wa mezani kutia alama za mashimo ya sindano ili mishono iwe na umbali sawa. Nilipokisoma kisa hicho nilifurahi sana, maana hakuna fundi duniani asiyewahi kuazima kitu cha jikoni. Bentley Mulsanne moja ilichukua takriban saa 400 kujengwa, na sehemu kubwa ya saa hizo ilikwenda kwenye mbao na ngozi.

Jambo ambalo wanaoomboleza hawalisemi ni kwamba mashine za Wajerumani ndizo zilizozilinda kazi hizi. Continental GT ya mwaka 2003 ilijengwa juu ya msingi uleule wa Volkswagen Phaeton, na Bentley, ambayo ilikuwa ikiuza takriban magari 1,000 kwa mwaka, ikaanza kuuza maelfu. Wafanyakazi wa Crewe waliongezeka badala ya kupungua, wakiwemo washonaji na maseremala, kwa kuwa kila gari lililotoka lilihitaji mambo ya ndani. Rolls-Royce nao, ambao mwaka 2023 waliuza magari 6,032, wamekuwa wakipanua Goodwood ili kupata nafasi ya kazi maalumu za wateja. Kama fremu ingeendelea kugongwa kwa nyundo, sidhani kama leo kungekuwa na mtu wa kushona.

Nimeiacha Morgan kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayonitatiza. Kampuni hii ya Malvern, iliyoanzishwa mwaka 1909, bado inajenga mifupa ya bodi kwa mti wa ash, na kwa miaka mingi magari yake yalisukumwa kwa mikono kutoka banda moja hadi jingine katika mteremko wa kiwanda. Mwaka 1990 Sir John Harvey-Jones, aliyewahi kuiongoza kampuni kubwa ya kemikali ya ICI, alikwenda huko na kamera za BBC akawashauri waboreshe utaratibu na kuongeza idadi ya magari, maana wateja walikuwa wakisubiri kwa miaka. Familia ya Morgan ilikataa, watazamaji wengi wakawashangilia, na wanaoagiza wakazidi. Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama ushindi wa mkono dhidi ya mashine, na hata makala yenu ilikidokeza.

Ukweli una pande zaidi. Katika miaka iliyofuata Morgan walibadilisha mengi kimyakimya, na foleni ya wateja ikapungua. Madgadi za mbele, ambazo zilikuwa za kugongwa na kuunganishwa kwa vipande, zikaanza kutengenezwa kwa bamba la alumini lililopashwa moto na kusukumwa na hewa ndani ya kalibu. Umbo likawa moja kila mara. Aero 8 ya mwaka 2000 ilikuja na chasisi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi. Chasisi ya chuma ambayo asili yake ni mwaka 1936 iliachwa mwaka 2020, baada ya Waitaliano wa Investindustrial kununua sehemu kubwa ya kampuni mwaka 2019. Kilichobaki ni ash. Vibanzi vya mti huo hupakwa gundi, vikabanwa kwa jiliwa juu ya kalibu ya mbao mpaka vikauke katika umbo la tao la gurudumu la nyuma, kisha seremala hupitisha randa na msasa mpaka bamba likae bila kugusana vibaya. Je, huo ni mkono unaochagua au unaorekebisha? Kwa kweli ni vyote viwili, kwani mti hauji na vipimo vya kiwandani, na kila kipande kina nyuzi zake. Sioni kwamba mashine ingeifanya kazi ile kwa bei nafuu kwa idadi ndogo ya magari wanayouza, na kama ni hivyo, seremala wa Malvern hahitaji kutetewa na mtu yeyote. Hesabu zenyewe zinamtetea.

Kuna mfano mmoja zaidi ambao ungefaa kuwekwa kwenye makala kama ile. Bentley walipoamua kujenga upya magari 12 ya aina ya Blower, kwa kufuata gari lao la mashindano la mwaka 1929, walilifungua gari la zamani kipande kwa kipande, wakalipima kwa mwanga wa leza, wakalichora lote ndani ya kompyuta, kisha wakawapa mafundi kazi ya kutengeneza vipande kwa njia za zamani. Wale mafundi wa mwaka 1929 wangechekeshwa na kompyuta, halafu, naamini, wangeomba wapewe michoro ile.

Kwa sababu hizo naliomba gazeti hili lisahihishe mambo mawili: kwamba bodi za Rolls-Royce hugongwa kwa mkono, na kwamba hakuna roboti Goodwood. Aidha, kama mwandishi wenu ataendelea na mada hii, nashauri aanzie Malvern, na akifika huko asimuulize mwenyeji wake gari limechukua saa ngapi kujengwa. Amwombe seremala amwonyeshe vibanzi vya ash alivyovikataa wiki ile, na amweleze kila kimoja alikikatalia nini.

Wako katika ufundi,
Mwalimu mstaafu wa ufundi wa bodi za magari,
Morogoro